Namba ya Siri ya Watu Wawili

Kila kampuni ya simu Afrika Mashariki hurudia onyo lile lile, kwa meseji na redioni: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, awe mwanao, awe mhudumu wetu. Ni onyo zuri. Lakini mama asiyeona, aliyeshika simu ya vitufe mbele ya kibanda cha wakala, hawezi kulifuata. Simu yake haisemi. Maandishi yanayotokea kwenye kioo hayapapasiki. Atampa simu mtu aliye karibu, mara nyingi mjukuu aliyemsindikiza au wakala mwenyewe, atamtajia tarakimu nne kwa sauti ya chini, kisha atangoja aambiwe kwamba pesa zimekwenda. Akiuliza salio, salio lake ni lile atakalotajiwa.

Wengi hawaibiwi. Hilo lisemwe mapema, maana mawakala na wajukuu wanaoifanya kazi hii kwa uaminifu ni wengi, na bila wao mambo mengi yangesimama. Shida ni kwamba uaminifu wa mtu mwingine umekuwa ndio ulinzi pekee. Siku ukivunjika, mwenye pesa hana pa kushika. Hana meseji anayoweza kuisoma, hajui salio lilipungua lini, na akienda kulalamika ataulizwa kwanza: nani mwingine anaijua namba yako ya siri? Akijibu ukweli, malalamiko yake yameishia hapo.

Pesa taslimu hazikumtendea hivyo. Noti za Kenya na za Tanzania hutofautiana ukubwa kulingana na thamani, na noti mpya za Kenya za mwaka 2019 zimewekewa alama za kupapasa. Sarafu ina uzito wake na ukingo wake. Asiyeona aliyezoea soko hukunja noti za elfu kumi kivyake na za elfu mbili kivyake, akanunua na kurudishiwa chenji bila kumwomba mtu amhesabie. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata Tanzania, iliwapa mamilioni ya watu akaunti ambayo benki hazikuwahi kuwapa. Wasioona nao waliipata, ila wakanyang'anywa uwezo wa kuhesabu pesa zao wenyewe. Siamini kama kuna aliyekaa akakusudia hivyo. Inaelekea huduma ilibuniwa na watu ambao mezani pao hapakuwa na asiyeona hata mmoja, na kila mmoja wao alichukulia kuwa mteja atasoma kioo.

Tuangalie kinachotokea ndani ya simu. Ukibonyeza *150*00# ya Vodacom Tanzania au *334# ya Safaricom, simu haifungui programu yoyote. Inaanzisha mazungumzo mafupi na kompyuta ya kampuni kupitia njia iitwayo USSD: kompyuta inatuma mistari michache ya maandishi, wewe unajibu kwa tarakimu, nayo inatuma mingine. Njia hii haihitaji intaneti, na inafanya kazi kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote, ile ambayo Tanzania tunaiita kiswaswadu au kitochi na Kenya kabambe. Ndiyo maana huduma nyingi za watu wa kipato cha chini zimejengwa juu yake, kuanzia kununua umeme hadi mikopo midogo. Lakini mazungumzo hayo yana muda wake. Ukichelewa kujibu yanakatika, unaanza upya.

Wasioona wengi wamejifunza kuyamudu kwa kukariri. Moja, tena moja, kisha namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri, moja ya kuthibitisha. Kitufe cha tano kina kinundu kidogo. Kidole gumba kikishakipata, vingine vyote vinajulikana vilipo. Mtu hubonyeza mfululizo mzima bila kusikia lolote, akitegemea kumbukumbu tu. Akikosea tarakimu moja ya namba ya mpokeaji hatajua, kwa sababu jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha, ile kinga ambayo wenye macho wanaitegemea, nalo limeandikwa kwenye kioo. Na siku kampuni ikipanga menyu upya, ikaweka ofa mpya pale palipokuwa na kutuma pesa, kumbukumbu aliyoijenga kwa miezi inampeleka kusiko. Anayeona atakereka kwa dakika moja. Asiyeona anaweza kujikuta amenunua kifurushi akidhani amemtumia mama yake matumizi.

Simu janja imebadilisha hali hii kuliko kifaa kingine chochote, na msomaji ambaye hajawahi kushuhudia inavyotumiwa anastahili maelezo. Ndani ya simu za Android mna kisoma skrini kiitwacho TalkBack, kilichokuja mwaka 2009, mwaka ule ule iPhone ilipopata cha kwake kiitwacho VoiceOver. Kikiwashwa, kugusa kitu hakukifungui, kunakitaja. Kidole kinateleza juu ya kioo na sauti inataja kila kinachopita chini yake: meseji, kamera, saa nne na dakika kumi, betri asilimia sitini. Ukifika unapopataka, unagonga mara mbili. Kutelezesha kidole kwenda kulia kunakupeleka kwenye kitu kinachofuata, kushoto kilichotangulia. Aliyezoea huongeza kasi ya sauti hadi mgeni asiambulie neno, naye humaliza kusikiliza meseji ndefu kabla ya jirani yake kumaliza kuisoma kwa macho. Hakuna cha kulipia. Kiko ndani ya simu tangu inatoka dukani.

Sasa mwache atume pesa kwa USSD. TalkBack inalisoma dirisha la menyu, na hilo ni jema. Lakini dirisha lile halijui kwamba tarakimu zinazoandikwa ni za siri. Kwake ni jibu kama majibu mengine, kwa hiyo huziacha wazi kwenye kioo badala ya kuzificha kwa nukta, na sauti inazitaja moja baada ya nyingine, ndani ya daladala. Kinga iliyopo ni earphone. Kifaa cha shilingi elfu chache, ambacho kwa vijana wengi ni cha muziki, kwake ni sehemu ya usalama wa akaunti. Waya ukikatika, siri yake inasikika na kila aliyekaa karibu.

Kisha inaingia meseji ya uthibitisho. Ile ya M-Pesa ya Kenya huanza na kumbukumbu ya muamala, herufi na tarakimu kumi zilizochanganywa ambazo hakuna anayezihitaji wakati ule. Jicho linaziruka. Sikio haliwezi kuruka: linazipitia zote ndipo lifike kwenye kiasi, na jina, na baadaye kabisa salio. Kuihamishia kumbukumbu ile mwisho wa meseji hakuhitaji mradi wala mfadhili. Nimechagua jambo dogo kiasi hiki kwa makusudi. Mazungumzo kuhusu teknolojia na ulemavu hupenda kukimbilia glovu zinazotafsiri ishara na miwani inayoongea. Navitakia heri vitu hivyo, lakini mtu wa Mbagala au wa Kibera anahitaji kwanza meseji inayomtajia salio mapema, na menyu isiyohamahama.

Programu za simu nazo zina kasoro yao. Kitufe chenye picha ya mshale kinaeleweka kwa macho. Kisoma skrini hakitegemei picha. Kinasoma jina ambalo mtengenezaji aliliandika nyuma ya picha. Asipoliandika, sauti inasema "kitufe", basi. Kitufe, kitufe, kitufe, kwenye ukurasa ambao kimojawapo kinatuma pesa na kingine kinafuta. Shirika la Marekani la WebAIM hupima kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja. Mwaka 2019 asilimia 97.8 zilikuwa na makosa ya ufikikaji, kama hili na mengine, yanayoweza kugunduliwa na mashine peke yake. Mwaka 2025 zilikuwa bado asilimia 94.8. Miongozo ya kimataifa ya kuyaepuka ipo tangu 1999. Uzembe huu, basi, ni wa dunia nzima, lakini hauumizi sawasawa. Mwenye pesa akishindwa na tovuti hupanda teksi hadi tawini, au humwajiri wakili. Maskini hana mlango wa pili, na mlango wa kwanza unazidi kuhamia mtandaoni: mwaka 2023 Kenya ilitangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 za serikali zimewekwa kwenye eCitizen. Asiyeweza kuijaza fomu huenda cyber, akalipa, akamtajia kijana wa pale namba ya kitambulisho na nywila. Siri nyingine imepata mtu wa pili.

Tuje kwenye bei. Simu janja ya bei ya chini kabisa mara nyingi huendeshwa na Android Go, toleo ambalo Google ililitengeneza mwaka 2017 kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ya gigabaiti moja au pungufu. TalkBack inawaka humo, ila inajikokota. Sauti inabaki nyuma ya kidole. Mtu anagusa, hasikii kitu, anagusa tena, na mguso wa pili unafungua asichokitaka. Kwa anayeona, simu nzito ni kero tu. Kwa anayesikiliza, uzito huo ndio unaoamua kama simu inatumika au haitumiki, kwa hiyo anayehitaji simu yenye nguvu zaidi ni yule yule mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuinunua.

Mikopo imesaidia. Mwaka 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: wakati huo mteja alitoa shilingi 1,000 za Kenya za kuanzia, kisha akalipa 20 kila siku. Nami nauona kuwa ni mpango wenye akili. Uweke tu kando ya Inua Jamii, ruzuku ya serikali ya Kenya, ambayo wanufaika wake ni pamoja na kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na ambayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ishirini kwa siku ni 600 kwa mwezi, karibu theluthi ya ruzuku, kabla ya bando na kabla ya kumlipa jirani mwenye sola anayekuchajia. Kaya hiyo hiyo tayari inalipa zaidi ya nyingine kwa mambo ya kawaida: nauli ya watu wawili badala ya mmoja, bodaboda pale wengine wanapotembea, siku ya kazi ya ndugu anayesindikiza. Tena simu za mkopo kwa kawaida hufungwa kwa mbali malipo yakichelewa. Mtu aliyekwisha kuifanya simu imsomee barua, imtajie noti na imwonyeshe njia, akifungiwa hapotezi mawasiliano peke yake. Natamani kuona mkopeshaji ambaye, pesa zikichelewa, anafunga muziki na video lakini anakiacha kisoma skrini kikifanya kazi. Sioni ugumu wowote wa kiufundi hapo.

Kwamba bei ya kifaa cha msaada inaweza kuvunjwa, tunao ushahidi. Kwa miaka mingi kisoma skrini maarufu cha kompyuta kilikuwa JAWS, kilichoasisiwa na Ted Henter wa Marekani, mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepoteza kuona katika ajali ya gari. Ni programu nzuri sana, na leseni yake ilikuwa karibu dola 1,000. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika kisoma skrini cha bure, akaungana na James Teh, ambaye naye haoni. Hoja yao ilikuwa rahisi: si haki mtu asiyeona alipie kompyuta kama wenzake, halafu alipie tena, wakati mwingine kwa bei inayozidi kompyuta yenyewe, ndipo aisikie. Wakakiita NVDA, wakaweka msimbo wake wazi kwa kila mtu, na leo kinatumika duniani kote.

Watu wa mijini huku kwetu wanakipendea jambo moja ambalo halisemwi sana: kinakaa kwenye flashi. Mwanafunzi asiyeona anaweza kwenda nacho cyber au maktaba ya chuo, akachomeka flashi kwenye kompyuta ya watu, akakifungua bila kukisakinisha, akafanya kazi yake, akachomoa. Kompyuta inabaki kama alivyoikuta. Asiye na kompyuta yake anatembea na sauti yake mfukoni, na hata mashine kuukuu inamudu kuiendesha, kwa sababu sauti inayokuja nayo, eSpeak, ni nyepesi mno.

Hiyo eSpeak inazungumza Kiswahili pia. Inazungumza kama roboti, na anayeisikia mara ya kwanza hucheka, lakini kila neno inalitamka kwa kanuni za Kiswahili, na sikio hulizoea hilo upesi. Tabu iko kwenye simu nyingi zinazotoka dukani zikiwa na sauti ya Kiingereza. Kiswahili kikisomwa na sauti hiyo, irabu zote zinapinda, "ng'ombe" inakatwa katikati, na meseji ya mama inageuka fumbo. Msomi wa mjini atabadilisha mipangilio, au atalivumilia. Mkulima wa Singida aliyeletewa simu na mwanawe ataamua kwamba simu hizi si za watu kama yeye, ataiweka kabatini, na hakuna takwimu itakayomwandika. Tena haitoshi kompyuta kukisema Kiswahili, inapaswa pia kukisikia, ndiyo maana nathamini kazi za kuchosha kama mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao watu wa kawaida huusomea sentensi za Kiswahili ili kompyuta zijifunze kutusikia. Kompyuta ikikisikia Kiswahili cha Mwanza na cha Mombasa kwa usawa, kiziwi ataweza kushika simu mbele ya daktari na kuyasoma anayoambiwa.

Viziwi, kwa kweli, wana hesabu yao ya peke yake. Anayesikia hupiga simu kwa dakika za kifurushi cha bei ndogo, au hata kwa kiswaswadu. Anayezungumza kwa lugha ya alama hawezi kuzungumza bila picha. Simu ya video hula megabaiti kadhaa kila dakika, hivyo salamu za jioni kwa dada yake zinamgharimu bando ambalo mwingine angelitumia siku nzima. Wengine husema, si aandike meseji? Viziwi wengi waliokulia katika umaskini hawakupata shule iliyowafundisha kwa lugha yao, na Kiswahili cha kuandika kwao ni lugha ya pili waliyoipata nusu nusu. Halafu ukitokea utapeli kwenye akaunti, msaada wenyewe ni namba ya kupiga. Mhudumu anataka asikie sauti ya mwenye laini. Kiziwi humwomba jirani ajifanye yeye, na hapo jirani amekwisha kujua jina kamili, namba ya kitambulisho na miamala ya mwisho.

Vidole navyo. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, kwa sababu za usalama zinazoeleweka. Lakini wapo waliopoteza vidole kwa ukoma, wapo waliozaliwa bila mikono, wapo ambao jembe limefuta mistari yote. Kanuni inaweza kuwa na utaratibu wa pekee kwa ajili yao. Anayepaswa kuujua ni kijana aliyekaa chini ya mwavuli na mashine ya kusajilia, na kama hakufundishwa, mteja anarudishwa nyumbani. Teknolojia mpya ya uso ina tabia hiyo hiyo. Inakuamuru uangalie kamera, upepese macho, utulize kichwa. Mwenye ualbino ambaye macho yake huchezacheza yenyewe, na asiye na jicho la kupepesa, wanashindwa mtihani ambao haupimi chochote kuhusu uaminifu wao.

Nikitaja ualbino, liko jambo linaloniudhi zaidi ya mengine, kwa sababu dawa yake ni bure. Kijana mwenye uoni hafifu, kama walivyo wengi wenye ualbino, akiwa darasani anaweza kuelekeza kamera ya simu ubaoni, akakuza, akasoma kila kitu alichokuwa anakikosa tangu darasa la kwanza. Lensi maalumu ya kufanya hivyo ni ghali. Simu iko nyumbani. Lakini shule nyingi Tanzania na Kenya haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa sababu ambazo mzazi yeyote anazijua. Sheria ya shule haihitaji kufutwa. Mwalimu mkuu anaweza kuandika mstari mmoja wa ruhusa kwa mwanafunzi huyu, simu ikakaa kwa mwalimu wa darasa na kutolewa wakati wa kipindi. Kifaa kinachofaa hubadilisha masomo: shule ya wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Salvation Army mwaka 1946, ilipofunguliwa maabara ya kompyuta na shirika la inABLE, lililoasisiwa na Irene Mbari-Kirika, wanafunzi wake walianza kuandika na kusoma mtandaoni kama wenzao wa shule nyingine. Yapo mengine ya namna hiyo yanayowezekana pasipo maabara.

Kwa nini basi haya madogo hayafanyiki? Sababu mojawapo ni hesabu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, asilimia 16 ya binadamu wote, wana ulemavu mkubwa wa namna fulani. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata asilimia 2.2, chini ya asilimia 3.5 ya sensa iliyotangulia. Wakenya hawakupona kwa miaka kumi. Maswali yalibadilika, na kaya nyingi bado humficha mtoto mwenye ulemavu mgeni akibisha hodi. Lakini meneja wa bidhaa akiitazama asilimia mbili, anaona wateja wachache, tena maskini, na anasogeza kazi yao hadi robo ijayo ya mwaka. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 inaonyesha matokeo yake: watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha msaada, na wakati katika nchi tajiri wanaokipata hufikia asilimia 90, katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3.

Nirudi kidogo kwa yule mjukuu wa kwa wakala, maana sitaki aonekane kuwa ndiye tatizo. Watafiti wa University College London waliochunguza jinsi wasioona wa Kibera wanavyotumia simu, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020, walikuta kwamba simu haitumiwi na mtu mmoja peke yake. Kuna rafiki wa kusoma meseji, kuna jirani wa kuweka vocha, kuna mtu mmoja wa kuaminiwa kwa mambo ya pesa, na mwenye simu anajua nani wa kumwomba nini. Huo ni ujuzi, na ndio uliofanya simu ifanye kazi pale watengenezaji waliposhindwa. Sipendekezi tuuvunje kwa jina la kujitegemea. Mtu akitaka kusomewa na mwanawe, asomewe. Ninachotaka ni awe na uchaguzi siku ambayo meseji inatoka hospitali ikiwa na majibu ya vipimo, au siku ambayo yule wa kuaminiwa ndiye anayeshukiwa.

Sheria hazikosekani. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008 na Tanzania 2009, na kifungu cha 9 kinataja wazi habari na mawasiliano. Katiba ya Kenya, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2010. Kenya ilitunga mpya mwaka 2025. Lililonipa matumaini zaidi ya hayo yote ni waraka usio na mvuto, kiwango cha KS 2952 kilichotolewa Kenya mwaka 2022 kuhusu bidhaa na huduma za TEHAMA zinazofikika, baada ya inABLE na wenzao kukisukuma. Kiwango kina faida ambayo hotuba haina: kinaweza kuandikwa ndani ya zabuni. Halmashauri au wizara ikinunua mfumo mpya, iandike kwamba malipo ya mwisho hayatolewi mpaka watumiaji wasioona, viziwi na wenye uoni hafifu wameujaribu na kuumaliza wenyewe, kwenye simu ya bei ya chini inayouzwa mtaani. Mkandarasi atajifunza kuandika majina ya vitufe haraka sana.

Bado yako mafunzo, ambayo kila bajeti huyasahau. Kijana anayeuza simu Kariakoo au Luthuli Avenue huenda hajawahi kuiwasha TalkBack, na ikijiwasha kwa bahati mbaya huiona ni ugonjwa wa simu. Walimu bora ni wasioona wenyewe, ambao tayari hufundishana kwa meseji za sauti kwenye makundi ya WhatsApp, usiku, wakati bando la ofa limewaka, bila kulipwa na mtu. Wanastahili mshahara. Kampuni inayolipia mabango barabarani inaweza kumlipa mmoja kwa kila wilaya, akae dukani siku za mnada na siku za malipo ya ruzuku.

Na wewe unayetengeneza menyu, fomu au programu, huhitaji kusubiri zabuni. Kwenye simu nyingi za Android, bonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde tatu hivi, uthibitishe ikikuuliza, na TalkBack itaanza kuongea. Ukivishika tena itazima. Fumba macho ujaribu kuangalia salio lako na kutuma shilingi mia tano kupitia kitu ulichokitengeneza mwenyewe. Andika kila mahali ulipokwama. Kisha mwite mteja asiyeona, mlipe muda wake, na umwachie simu akuonyeshe pale ambapo wewe hukugundua.